Marashi ya Kinyozi Rıfkı

Nermin, nachapa kwa mkono mmoja, wa pili umemshika paka Zeytin ndani ya beseni.

Siku tisa za dawa ya daktari, na ukurutu wake ulishaanza kukauka!

Leo nimemkuta mlangoni kwa kinyozi Rıfkı, analia, ananuka limau. Limau, Nermin!

"Kaka Rıfkı, umemfanya nini paka?"

"Nimemmwagia marashi, dada. Wateja wangu wote nawamwagia nikishawanyoa, na hajafa mtu."

Marashi ya spiriti, kwenye vidonda!

"Huyu paka ni wa mtaa mzima," akasema, "nami namtibu."

Kweli ni wa mtaa.

Nimemsuuza mara tatu, ngozi bado nyekundu. Daktari hayupo mpaka kesho.

Ngoja, kuna hodi.

Ni mke wa mwokaji. Ameleta mafuta ya kitunguu saumu, eti ya vidonda vya paka.