Aliyeshika Taa

Al-Hamra, Jeddah
6 Novemba 2021

Kaka Silas,

Hujambo? Joto la Riyadh limepungua? Mimi ni mzima, miguu tu inauma kwa zamu za wodini. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize.

Nimenunua Kombi! Ya Mjerumani aliyehama, ina kitanda, jiko na kabati la vikombe. Ni kama ile aliyokuwa akiiendesha Baba pale misheni! Leseni nilishapata, sasa nina gari. Desemba nakuendesha mimi hadi Abha, tulale kwenye ukungu na tufukuze nyani.

Kasoro ni moja, injini imekufa. Mjerumani aliniachia nyingine nzima, iko uani chini ya turubai. Baba mwenye nyumba amenivumilia mpaka harusi ya bintiye mwezi ujao. Siku hiyo ua utajaa mahema, na Kombi isipotoka yenyewe, ataita gari la kuvuta liipeleke kwa wauza vyuma chakavu. Kwa hiyo injini nitaibadilisha mwenyewe, na Lydia ninayeishi naye.

Dadako,
Mwikali

Sulimaniyah, Riyadh
10 Novemba 2021

Dada Mwikali,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila hotelini wageni wamefurika. Hongera kwa Kombi! Niliposoma niliruka hadi wapishi wakanicheka. Lakini injini? Wewe muuguzi, Lydia mkunga, mnataka kuzalisha gari?

Huku kuna gereji ya magari ya zamani pekee. Fundi wao Mfilipino anazijua Kombi kama jikoni kwake. Wanaifuata huko huko, wanafunga injini, wanatoa dhamana. Nitalipa yote mimi. Injini ikikuangukia mguuni, Mama nitamwambia nini? Sema ndiyo, yalla, twende.

Kakako,
Silas

Al-Hamra, Jeddah
13 Novemba 2021

Kaka,

Natumaini wageni wamekupa nafasi ya kupumua. Nashukuru, na najua unatoa kwa moyo. Lakini gereji mafi, hakuna. Sitaki.

Kombi ya misheni ilipoharibika, wewe na Baba mlikuwa mkiingia chini, mimi nasimama nyuma na taa. Miaka yote ile. Nikiomba spana naambiwa, "Mulika vizuri." Nilimulika vizuri, Silas, na nikaona karibu kila kitu. Sasa nataka kushika mimi, na nikikosea, nikosee mimi.

Nakuomba jambo moja tu. Niandikie nyaya nne za plagi zinakwenda wapi. Hizo sikuziona, kichwa chako kilikuwa kinanikinga.

Dadako mbishi,
Mwikali

Sulimaniyah, Riyadh
17 Novemba 2021

Dada mbishi kweli,

U hali gani? Mimi nina wasiwasi, vinginevyo mzima. Haya, umeshinda. Injini ishushwe kwa jeki mbili, polepole, asiwepo mtu chini yake.

Nyaya zinatoka kwenye kile kikombe kinachogawa umeme. Waya wenye alama na wa jirani yake zinakwenda kushoto. Mbili zilizobaki, kulia. Ndivyo Baba alivyonionyesha, hata usingizini siwezi kukosea. Gereji nimewaambia wasubiri.

Kakako,
Silas

Sulimaniyah, Riyadh
1 Desemba 2021

Mwikali,

Uko salama? Simu hushiki, barua huandiki. Harusi ni keshokutwa. Gereji wana gari la kuvuta huko Jeddah leo, nimewaomba lisubiri mtaa wa Sharafiya mpaka useme neno. Sitakucheka, dada yangu. Niambie tu kwamba u mzima.

Kakako,
Silas

Al-Hamra, Jeddah
2 Desemba 2021

Kaka Silas!

Mimi mzima, Lydia mzima, na Kombi nzima!

Nisamehe kwa kimya. Injini ya zamani ilishuka, mpya ikapanda, kila bolti ikakubali. Nikawasha. Ikalipuka kama fataki! Nikajaribu tena, ikalipuka tena, hadi bibi harusi akatoka na hina mbichi mikononi. Baba yake akasema, "Halas, basi, kesho inavutwa." Nililia, Silas. Barua yako ilinikuta nimeshika simu, nikukubalie gereji.

Nikaona kwanza nikusanye vifaa. Spana moja ilikuwa imebingirika chini ya gari, nikaifuata chali, kichwa kikitangulia. Nikajikuta nimelala pale pale ulipokuwa ukilala wewe. Nikaunyoosha mkono wangu wa kushoto. Ukagusa upande ambao nikisimama nyuma ya gari nauita kulia! Wewe ulijifunza ukiwa umelala, mimi nikiwa nimesimama. Nyaya zote nilikuwa nimezifunga kinyume.

Nikazihamisha, Lydia akawasha, ikanguruma! Bibi harusi alipiga vigelegele, akapanda mbele na hina yake, tukazunguka Al-Hamra nzima mimi nikiendesha. Gari la kuvuta lirudi lilikotoka.

Nikampigia Baba, nikamwekea simu karibu na injini. Akasikiliza weee, kisha akauliza, "Silas amefika huko lini?" Nikamwambia hujafika. Halafu akasema, "Sasa nani alikuwa anakushikia taa?"

Dadako,
Mwikali

Sulimaniyah, Riyadh
3 Desemba 2021

Fundi Mwikali,

Nimesoma barua yako jikoni kwa sauti, wapishi wamepiga makofi. Likizo nimepewa, nakuja kwa basi la Ijumaa ijayo. Njia ya Abha ni ndefu, na Kombi ni Kombi.

Mwambie Baba leo nimezunguka maduka ya Sulimaniyah mpaka nikapata taa nzuri. Nitamulika vizuri.

Kakako,
Silas