Kurasa za Chui Zinazonuka Jibini

Mpendwa Mama Fidelina, nakuomba unisaidie, na ukiisoma barua hii redioni tafadhali usitaje jina langu, maana hapa mjini kwetu Mompox kila mtu huvuta kiti mlangoni jioni akusikilize, na mimi ni mtu wa aibu, hata kubisha hodi naona taabu.

Nimemaliza shule mwaka huu na sasa najitolea kuandika hadithi za zamani za wanyama kwa nukta nundu, ili maktaba iwapelekee wasioona, natoboa karatasi nene nukta moja moja mpaka vidole vinavimba. Hadithi yangu ya kwanza ni ile ya sungura aliyemdanganya chui kwamba mlima unaanguka, chui akaushikilia kwa mgongo kutwa nzima, sungura akaenda zake kula. Nilimpelekea Bi Otilia, asiyeona tangu utotoni, anayetengeneza jibini nyumbani kwake. Nilipitisha bahasha kwenye nondo za dirisha nikakimbia.

Karatasi zimerudishwa maktaba, Mama, zinanuka jibini, zina mafuta, na kurasa mbili za katikati nukta zimelala kama zimepigwa pasi. Shangazi yangu Nubia, ambaye naye ana meza ya jibini sokoni, alizinusa akacheka mpaka akashika kiuno.

"Wewe mtoto, unaumia bure! Yule anazifungia jibini. Kipofu gani ana haja na sungura?"

Nikasema labda aliweka sufuria juu yake.

"Sufuria, jibini, yote mamoja. Njoo unisaidie mezani, angalau kazi yako ionekane."

Kisha nilipita kwa Bi Otilia nikakuta watoto wa jirani wameegemeza migongo kwenye ukuta wake, wanapiga kelele, "Shikilia, chui! Usiachie, tutakufa!" Nikajua aliwapa karatasi zangu wachezee kabla ya kuzirudisha. Akasikia nyayo zangu, akauliza dirishani, "Nani huyo?" Nikanyamaza. Akasema, "Haya, pita salama, bubu wa bahasha," nami nikaona ananidhihaki.

Sasa mwalimu Rosmira wa maktaba anataka jibu Ijumaa: hadithi ndefu ya nyani, ambayo nimetoboa nakala moja tu, iende kwa Bi Otilia au kwa mzee mwingine anayesubiri. Nikisema hasomi, hatapelekewa tena. Nimwambie ukweli?

Mtoboaji

*

Binti Mtoboaji,

Ukweli upi? Pole kwa vidole, lakini ulichonacho ni dhana tupu.

Karatasi zako hazina hata tone la wino. Watoto wale wanaona, nukta nundu hawazijui. Wangezichezea mwaka mzima wasijue kama ndani mna chui. Maneno ya kushikilia mlima wameyapata wapi? Kuna mtu amewasomea, binti, na si wewe.

Sufuria ingelaza nukta za kurasa zote. Zimelala mbili tu. Umezitazama ni zipi? Mimi nakisia ni pale chui anapotokwa jasho chini ya mlima. Marehemu mume wangu alikuwa akisoma kwa vidole, na sala aliyoipenda ililainika hivyo hivyo, kwa kupapaswa. Na mikono inayokanda jibini ulitaka inuke nini, waridi?

Kama hamu ya kushuku imekujaa, mbona shangazi yako umemruka? Muuza jibini anamchafua muuza jibini mwenzake, kisha anakuita mezani kwake, nawe hukushtuka! Dhana zako zote ulimmwagia yule asiyeweza kukutazama usoni.

Hilo la bubu wa bahasha lisikuume. Mtu anayetupa hadithi dirishani na kukimbia bila hata shikamoo, ungemwitaje? Aibu yako yeye haioni. Anachopata kwako ni ukimya tu.

Usingoje Ijumaa. Nenda kesho kwa mwalimu Rosmira, mwambie hadithi ya nyani iende kwa Bi Otilia, na akimaliza apelekewe yule mzee. Kisha toboa upya zile kurasa mbili, kwa sababu zimekwisha kwa kusomwa. Mpelekee mwenyewe, kwa kupitia mlangoni. Bisha, amkia, taja jina lako kwa sauti. Akikwambia kaa, kaa. Watoto wakija mwache asome, nawe uegemeze mgongo ukutani pamoja nao.

Mama Fidelina