Herufi ya Thelathini na Mbili

Jumatatu, 15 Septemba

Ofisini Ipagala. Umeme umekatika, umerudi, umekatika. Kompyuta ndogo ya jokofu la chanjo, kutoka zahanati moja ya milimani juu ya Kibakwe, iko mezani kwangu tangu Ijumaa. Nimeiwasha mara kumi na moja. Haifi. Kule inakufa kila ikishika waifai. Hapa inapiga kazi kama haijawahi kuugua.

Kazi yake ni moja tu: isome joto la jokofu, itume wilayani. Mwezi wa saba nilizitumia zahanati zote toleo jipya la mfumo. Zote salama isipokuwa hii. Programu inayosoma joto ni ya zamani, aliyeiandika ameacha kazi na msimbo wake kaondoka nao. Siwezi kuigusa. Kilichobadilika ni kiendeshi cha waifai, kile kipande kinachoifanya kompyuta iongee na mtandao. Na kiendeshi ni changu.

Jumanne, 16 Septemba

Leo nimejua sentensi yangu ilikokwenda. Mwezi uliopita bosi wangu, Mhandisi Msuya, alitaka taarifa ya haraka. Nikaandika: "Inaelekea mtumiaji alizima mashine." Sikupiga hata simu kuuliza. Wilayani wameichukua kama ilivyo, wakamwandikia barua Sista Eunice, nesi wa pale. Ajieleze kwa maandishi ndani ya siku saba kwa nini joto la siku tisa halikurekodiwa, hadi chanjo zote zikateketezwa. Na mwaka huu jina lake lipo kwenye orodha ya kupanda daraja.

Zamani aliandika joto kwenye karatasi asubuhi na jioni. Sisi ndio tuliowaambia waache karatasi.

Nimejisikia vibaya sana. Halafu nimekasirika, maana hasira ni nyepesi kubeba.

Jumatano, 17 Septemba

Nimebadilisha waya. Nimebadilisha chaji. Nimeilaumu sola, vumbi, panya. Nimerudisha kiendeshi cha zamani, nikaweka kipya, nikarudisha cha zamani. Vyote vinafanya kazi. Nilitamani kuitupa dirishani.

Msuya kashauri tuwapelekee mashine nyingine yaishe. Yaishe kwa nani?

Alhamisi, 18 Septemba

Hakuna kitu. Upepo umeleta vumbi hadi ndani ya kibodi. Maji hayajatoka siku ya tatu. Nimemjibu vibaya mama aliyeleta chai, nikaomba radhi, nikamjibu vibaya tena.

Kesho naipeleka yenyewe kulekule inakofia.

Ijumaa, 19 Septemba

Gari la mradi hadi Kibakwe, kisha bodaboda, mashine nimeipakata kama mtoto. Sista Eunice ni mtu mzima, mpole. Shikamoo, marahaba mwanangu, karibu uji. Nimeunganisha. Imekufa palepale. Nimefurahi, na nimeona aibu kufurahi.

Yeye alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Tangu mwezi wa saba jina la mtandao linatokea lote. Zamani kwenye kioo liliishia WOT. Siku hizi ni WOTE, halafu vialama vya ajabu, halafu giza. Nikajua mnarekebisha."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema hakuna aliyemuuliza.

Nimefungua simu nikatazama jina la mtandao wao. MALI YA SERIKALI SI YA WATU WOTE. Mganga mfawidhi aliliweka baada ya vijana kujaa ukutani kutumia bando la zahanati. Katika nchi hii hata ndoo ya kudekia huandikwa mali ya serikali, kwa hiyo na waifai pia. Nimehesabu kwa vidole pamoja na nafasi. Thelathini na mbili. Ndio urefu wa mwisho unaoruhusiwa.

Programu ya zamani ya joto huonyesha jina hilo kwenye kioo; imelitengea nafasi thelathini na mbili, na ya mwisho lazima iwe alama ya kuonyesha jina limekwisha. Kiendeshi cha zamani kilikuwa kinakata jina refu ili kuiweka alama hiyo. Mwezi wa saba niliuona mstari unaokata nikauita takataka, nikaufuta. Nikajivunia usafi. Sasa jina linaingia zima, alama haina pa kukaa, programu inasoma hadi vitu visivyo vyake na kufa. Mimi nilijaribia ofisini, ambako mtandao unaitwa "ofisi". Mjinga mimi.

Nimeurudisha mstari. Dakika ishirini. Joto limesomeka, limetumwa. Wiki nzima kwa mstari mmoja.

Nikamwambia Sista, andika sasa, kosa ni la mashine. Akasema, "Barua nimeshaipeleka jana, mwanangu. Nimeandika huenda niligusa waya nikifagia. Ningesema nini? Wataalamu wameandika nilizima."

Nikamwambia mtaalamu ni mimi. Akaenda kupima watoto uzito, walikuwa wanangoja.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimeandika barua ya kujieleza. Msuya kashangaa. "Wewe Hawa, nani kakuuliza ujieleze?" Anataka tuandike "hitilafu ya kiufundi ilijitokeza". Ilijitokeza! Kama upele. Tumegombana hadi mlinzi kachungulia. Nimeandika jina langu, mstari nilioufuta, na kwamba sentensi ile niliibuni nikiwa kwenye kiti changu. Nimesaini.

Jumatatu, 22 Septemba

Wilayani, masjala. Karani alitaka namba ya barua ninayoijibu. Sina. Hakuna aliyeniandikia. Mwishoni kakubali kuiweka kwenye faili la Sista.

Akiwa anatoboa karatasi yangu, faili lilikuwa wazi mbele yangu. Nimeusoma ukurasa wa juu. Mwandiko wa shule, mzuri, umenyooka. Ameeleza anavyofagia, kuanzia dirishani kwenda mlangoni, na siku aliyosogeza meza. Mwishoni ameahidi kutofagia tena chumba cha jokofu hadi aelekezwe. Chini yake kuna wino mwekundu: Maelezo yamekubaliwa. Apewe onyo.

Nimeuliza kama barua yake inaweza kutolewa. Karani kasema ikishapigwa namba haitoki. Yake ni ya kumi na nne. Yangu ameipiga ya kumi na tano, akafunga faili. Mwenye wino mwekundu yuko safarini hadi Alhamisi.

Nimechukua chumba karibu na stendi, nimngoje. Nimempigia Sista kumweleza, kapokea, kanisikiliza hadi mwisho. Kasema nisisahau kula.