Boma la Mizinga

Gotu, Isiolo

Kaka yangu Lokwang,

Habari za huko Mombasa? Natumaini barua hii itakukuta mzima, na joto la huko halijakumaliza. Sisi hatujambo kwa neema ya Mungu. Goti la Mama limepoa, anakusalimu sana. Mvua imenyesha kidogo na mbuzi wamepata nguvu.

Ulinitaka nikueleze yote aliyofanya Kirigia, fundi wa mizinga, ili ukija Krismasi umshike shati umpeleke kwa chifu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu humkatizi mtu yeyote isipokuwa dada yako. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Unajua nilivyoanza. Darasa langu la sita lilipanda tikiti maji nyuma ya shule, nami nikataka waone kwa macho yao kile ninachoandika ubaoni kila mwaka, kwamba nyuki akitoka ua moja kwenda lingine hubeba chavua, na bila yeye ua huanguka bila kufunga tunda. Mwalimu mkuu akasema shule haina kitu cha kununulia mizinga. Tukaita harambee. Fahmo wa duka akatoa beberu, wengine kuku, wengine ahadi tu, si unawajua. Kisha Baba akasimama, akasema anatoa maksai wake.

Ndiyo, yule mweupe. Yule aliyempinda pembe tangu akiwa ndama, akamwimbia kila jioni mpaka Mama akawa anauliza ni nani hasa aliyeolewa hapa nyumbani. Baba akasema ukame ulimmalizia ng'ombe wake akitazama, na sasa anataka wajukuu wajifunze kufuga kitu kisichongoja nyasi. Nililia mbele ya watu, mwalimu mzima.

Kirigia alikuja kutoka upande wa Meru na mizinga mizuri, akaitundika kwa waya karibu na lagga, ule mto wetu mkavu nyuma ya shule, akatufundisha jinsi ya kuisogelea bila kelele. Nyuki wakaingia wenyewe. Matikiti yakafunga, watoto wakawa wanayahesabu hata wakati wa hesabu nyingine.

Hapo Baba na wazee wenzake wakaamua kuijengea mizinga boma. Baba alisema mali haiwezi kulala nje, kana kwamba fisi hula nyuki. Walikata migunga kutwa nzima pale pale kandokando ya lagga, wakazungusha boma zito la miiba, zuri kuliko la mbuzi wetu. Nilikutumia picha, ukajibu kwamba Mzee bado ana mikono.

Haikuchukua muda, nyuki wakahama. Mizinga ikabaki mitupu. Watu wakaanza kusema Kirigia aliipaka dawa ili nyuki wamfuate kwake, na kwamba amekula maksai wa Mzee Ekuam bure. Nawe ukayasikia ukayabeba. Aliporudi kuangalia, vijana walimfukuza kwa maneno nisiyoweza kuyaandika. Nasikia shule nyingine nazo zimeanza kumkataa, na mtu huyo ana watoto wanaokula kwa kazi hiyo.

Siku moja niliwauliza watoto kwa nini maua ya tikiti yanaanguka. Wakajibu vizuri, kwamba nyuki hawapo. Nikauliza walikuwa wakila wapi kabla matikiti hayajachanua. Sahra, binti wa Fahmo, akasema kwenye maua ya migunga ya lagga, kisha akauliza kama si ile ile ambayo babu wa mwalimu alikata, akimaanisha Baba. Nikatazama dirishani. Matawi ya boma yalikuwa bado na maua yake, yamekauka. Nikajifanya natafuta chaki.

Kaka, ni shoka la Baba. Kirigia hana kosa.

Nililala na jambo hilo, nikaamka nalo. Mtu ametoa maksai wake, halafu mimi, niliyesimama pale nikipiga picha, niende kumwambia kwamba mikono yake ndiyo iliyofukuza nyuki? Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mtihani. Lakini nilikuwa nikikutana na macho ya Sahra kila asubuhi. Jumapili, baada ya kanisa, nikamwambia.

Alikwenda lagga peke yake, na Mama alipompelekea chai aliirudisha imepoa. Kesho yake akaniamuru nimpigie Kirigia, akazungumza naye mwenyewe, mbali, nisisikie. Na kwenye mkutano wa wazazi akasimama pale pale alipotolea maksai, akasema mbele ya wote kwamba aliyeua malisho ya nyuki ni yeye, na mtu asimguse tena Kirigia. Sijawahi kumpenda Baba kama siku ile.

Sasa migunga inachipua. Kila asubuhi Baba yuko pale na fimbo, anafukuza mbuzi wasile machipukizi. Mbuzi wake mwenyewe, Lokwang! Jana nilimsikia akiimba ule wimbo wa maksai, akiviimbia visiki. Nilisimama nyuma ya darasa mpaka alipomaliza.

Kwa hiyo njoo Krismasi kama ulivyopanga. Kirigia atakuwepo, Baba amemwalika chakula. Mshike mkono.

Wasalimie wenzako wa kazini, na ule vizuri. Mama anasema usisahau leso yake.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata ukininunia,

Akidor