Majembe Yamewekwa Chini

Jumatano jioni, wodini Bukoba

Kumbe si malaria. Daktari anasema mshipa wa damu kichwani umevimba na unaweza kupasuka. Kesho napelekwa Mwanza. Mpaka hapo nisibebe mzigo wala nisikasirike.

Mara dada yangu akapiga simu kutoka Muleba. Majirani walisikia nimeanguka sokoni, wakajua nimekufa. Kwa desturi yetu ya msiba, tangu jana hakuna aliyeshika jembe.

"Nimewaambia uko hai, kaka. Wanauliza warudi shambani au wasubiri kidogo."

Sikukasirika. Nimekatazwa.

Nikamwambia wakalime, palizi haingoji. Nilipokata simu nikamwita nesi, nikamwuliza kama nimewajibu sawasawa.

Akanipima presha, akaniambia jibu nitalipata Mwanza.