Dakika Kumi na Moja Baada ya Wimbo

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na binti yenu, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua. Mimi sijambo, isipokuwa macho, na hayo nitakueleza yameponzwa na nini. Nimeandika kwa kalamu makusudi. Kwenye simu mtu hufuta, na mimi najijua.

Unakumbuka nilikuambia kituo chetu cha televisheni kimenihamishia maktaba. Ni chumba kisicho na dirisha, chenye mashine mbili za kuchezea kanda, kompyuta moja na rafu mpaka darini, zote zimejaa video za muziki za miaka ile ya elfu mbili mwanzoni. Natakiwa kuzitazama moja baada ya nyingine na kuzihamishia kwenye kompyuta kabla hazijaoza, kwa sababu mkuu wangu anaandaa kipindi cha kukumbuka enzi zetu. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Ni wazi hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufanya kazi maktaba.

Dada, tulikuwa washamba! Hivi kweli tulikuwa tunakimbia nyumbani tusipitwe na upuuzi ule? Nimetazama mwanamume analia kwa kuachwa, yuko sebuleni, amevaa miwani ya jua na koti la ngozi, na jasho linamtiririka. Nimetazama mvua inayomnyeshea mtu mmoja tu, nyuma yake vumbi linatimka, na ukikaza macho unaona mpira wa kumwagilia bustani juani pembeni. Kuna binti anayeondoka kwa hasira na sanduku analoning'iniza kwa kidole kimoja. Hakuweka humo hata kanga. Kuna gari moja jekundu, mlango wake wa kushoto umebonyea, nimelikuta katika video tisa, na kila mwimbaji analiegemea kana kwamba kalinunua jana. Na mashairi yenyewe ni nipende nikupende, mpaka mashine inakaribia kunionea huruma.

Kwenye fomu ninayoijazia kila kanda kuna safu ya maelezo. Nikawa naandika humo takataka, takataka tupu, takataka yenye moshi. Mkuu akaniita akaniambia kwamba safu ile ni ya ubora wa picha, si ya maoni yangu. Kisha akaketi kutazama nami moja, machozi yakamlengalenga, akasema muziki wa kweli ulikuwa ule, vijana wa leo hawajui kitu. Nikaitikia kwa kichwa kwa sababu ni mkuu. Mtu mzima na kitambi chake anamlilia mvulana aliyevaa suruali inayomtosha yeye na ukoo wake.

Basi Jumatatu nikafika kanda namba mia mbili kumi na nne, nikaona jina la kundi letu. Nadhani hata wewe umelisahau, au umejitahidi kulisahau. Nikacheka peke yangu. Nilijiambia kwamba leo nitajicheka na mimi, maana nyani haoni kundule.

Kweli nilijiona. Niko mstari wa nyuma, fulana nyeupe, taulo begani kama mtu aliyetolewa bafuni kabla hajamaliza. Nachelewa kila hatua. Mbele yuko yule binti wa saluni waliyemweka aigize kuimba kiitikio. Sauti ni yako, ile uliyoirekodi kwenye kile chumba kilichozibwa kwa magodoro, lakini midomo yake inamaliza neno kabla wewe hujalianza. Nilitaka kuandika takataka. Sikuiandika, kwa sababu sauti yako ilinizuia mkono. Katika rafu ile nzima, dada, hicho ndicho kitu pekee ambacho sikukidharau.

Wimbo ukaisha. Kwa utaratibu wetu, kilichobaki baada ya wimbo hukatwa. Zamani kanda zilikuwa adimu, watu walirekodi juu ya vitu vingine, kwa hiyo mwishoni hubaki vipande vya harusi, mipira, mahubiri. Mara nyingi nakata bila kutazama. Siku hiyo sikuwahi kubonyeza, na picha ikaendelea. Ni mazoezi yetu kwenye ukumbi wa shule, dakika kumi na moja.

Uko katikati, umevaa blauzi ya njano, mikono umeikunja. Unaimba bila muziki, unakosea, unacheka, unaanza upya. Nyuma ya kamera inasikika sauti ya mwongozaji wa video. Anamwambia mpiga picha atuache sisi wengine abaki na yule dada, anasema uso ule hauhitaji hata poda, na Jumamosi atasimama mbele peke yake.

Mimi naonekana nyuma yako. Nimeyasikia. Nimeacha kucheza, nakutazama kisogoni. Nimeona nyuso nyingi za kipuuzi mwezi huu, lakini hakuna niliyoidharau kama hiyo.

Sasa nikuambie lililobaki, maana hata kanda haina. Jioni ile mwongozaji alinipa mimi ujumbe, kwa kuwa ni ndugu yako. Uje Jumamosi saa tatu asubuhi, na blauzi ileile. Nilifika nyumbani nikakukuta unaipiga pasi. Nikakuambia kwamba amesema sauti yako wameipenda ila sura yako haifai kwa kamera, watatafuta mwingine. Yeye nikamwambia kwamba baba amekukataza. Hakusema neno lile, dada. Nililitunga mimi, njiani, kwa kijicho, kwa sababu miezi minne nilikuwa nikijifunza kucheza na hakuna aliyemwambia mpiga picha abaki na mimi.

Ulichomoa pasi, ukaikunja blauzi ikiwa na mkono mmoja haujanyooshwa. Uliniuliza swali moja tu, kama aliyasema hayo mbele za watu. Nikajibu ndiyo.

Hukuimba tena. Kwenye picha zako za harusi umejificha nusu nyuma ya bega la shemeji, na sisi tukawa tunakutania kwamba unamwogopa mpiga picha. Mimi nilitania kuliko wote. Wanasema njia ya muongo ni fupi. Yangu ina miaka ishirini na miwili, na aliyeitembea ni wewe.

Ningeweza kukaa kimya mpaka kufa, nisijisifu. Lakini Jumanne binti yako alinipigia simu analia. Alisema shule imemchagua aongoze wimbo utakaorekodiwa video, fomu inatakiwa Ijumaa ijayo, nawe umekataa kusaini. Alisema umemwambia kwamba watu wa sura yetu ni wa kusikiwa, si wa kutazamwa. Akaniuliza mimi, mjomba wake, kama kweli yeye ana sura mbaya. Nami, niliyetoka kuitazama kanda ile jana yake, nilimwambia amsikilize mama yake. Juzi tu, dada, na nywele zangu hizi za mvi, bado niliogopa.

Mkuu ameagiza dakika zile zikatwe. Nilizinakili kwanza. Ziko kwenye flashi iliyomo ndani ya bahasha hii, nimeizungushia karatasi isivunjike. Sikuombi unisamehe, maana sijui ningekuwa naomba usamehe kipi na kuacha kipi. Naomba uitazame kabla ya Ijumaa, na uitazame na binti yako. Atakuona ukiwa na miaka ishirini na mitatu, na atajua sura yake ameitoa wapi. Akiuliza yule kijana wa nyuma aliyeacha kucheza ni nani, mwambie.

Msalimie shemeji, mwambie dawa ya mgongo nitamtumia. Binti usimpe salamu zangu mpaka awe ameona, halafu aamue mwenyewe kama anazipokea.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekuambia ndiyo.