Askari Themanini wa Mashoto

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mkono wako wa kushoto, uliolegea tangu ulipopatwa na kiharusi, umeanza kuitikia mazoezi. Chumba chako nakifagia kila siku, na jeshi lako la Kirumi lingali mezani: askari themanini wa mti, kila mmoja kimo cha kidole gumba.

Nina kosa la kukiri. Kwa kiburi cha shahada yangu ya historia, niliona umewashikisha wote upanga kwa mkono wa kushoto, ilhali Warumi waliushika kwa kulia. Nikazibandua panga, nikazibandika upya, nikapaka rangi, nikakutumia picha nikitarajia sifa. Ukanipigia simu: "Wamependeza, Profesa. Ila wanangu mimi walikuwa mashoto kama baba yao. Hawa ni wa nani?" Ukacheka, na kicheko kikaishia kwenye kilio.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizirudisha panga kushoto, moja baada ya nyingine. Vitabu vyangu na vinisamehe.

Amebaki akida peke yake, yule mwenye shungi jekundu juu ya kofia. Anasubiri mikono mitupu, kwa sababu upanga wake umo ndani ya bahasha hii. Sitaubandika mimi. Utakapopona njoo nao, uubandike kwa mkono wako ule ule. Ukikaa upogo, Mjomba, upogo huo ndio sahihi.

Mpwa wako, msomi anayeanza kujifunza,
Profesa